Mafuta Gani? Uhakiki wa Istilahi za Klachi ya Haidroliki

Istilahi za ufundi huhakikiwa kwa kawaida mezani. Huulizwa kama neno limetokana na mzizi wa Kibantu au limekopwa, kama linafuata sarufi, kama ni fupi, na kama linaweza kunyumbulika likazaa maneno mengine. Maswali hayo ni ya haki, wala si nia ya makala haya kuyapuuza. Hata hivyo liko swali moja ambalo aghalabu huachwa nje ya mlango wa kikao, nalo ni hili: mtu aliye nyumbani kwake, spana mkononi na karatasi ya maelekezo kando yake, akitenda sawasawa na neno lilivyomwambia, je, atatengeneza au ataharibu?

Nitalitumia swali hilo kupima istilahi za kifaa kimoja tu, yaani klachi ya haidroliki katika gari kuukuu. Nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa vifaa ambavyo mwenye gari asiye fundi anaweza kuvitengeneza mwenyewe kwa spana chache, jeki, na mtu mmoja wa kumsaidia. Pili, istilahi zake zimetoka katika vinywa vitatu visivyosikilizana: kinywa cha gereji, kinywa cha kamusi, na kinywa cha mfasiri.

Maelekezo ninayoyahakiki ni karatasi nne zilizopigwa chapa kwa Kiswahili, nilizopewa dukani pamoja na pakiti ya raba za klachi ya Land Rover yangu ya Series III, gari la aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Sitalitaja duka wala mfasiri, kwa kuwa makosa yaliyomo si yake peke yake. Ni makosa ambayo wengi wetu tungeyafanya tukiwa na kamusi mezani na gari likiwa mbali. Tena yafaa kumpongeza kwa jambo moja kubwa: aliona kwamba mnunuzi wa vipuri anastahili kuelezwa kazi yake kwa lugha yake. Lakini kwa kuzifuata karatasi hizo neno kwa neno, niliharibu raba mpya zote kabla ya wiki kwisha. Kwa hiyo nina haki ya mhakiki, na pia nina haki ya mlalamikaji.

Kifaa chenyewe

Kabla ya kuyahukumu maneno, hatuna budi kukiangalia kinachotajwa. Klachi ni kiungo kati ya injini na giaboksi. Pleti ya klachi hubanwa kwenye flaiwili kwa nguvu za springi, na hivyo mzunguko wa injini hupita hadi kwenye gia. Dereva anapokanyaga pedali, pleti huachanishwa na flaiwili, na gia huweza kubadilishwa.

Nguvu ya mguu hufikishwa kwenye klachi kwa njia mbalimbali. Katika magari mengine, kama ile Volkswagen ndogo yenye injini nyuma, pedali huvuta waya. Katika klachi ya haidroliki hakuna waya. Pedali husukuma pistoni iliyomo katika silinda iliyo karibu nayo. Pistoni husukuma kiowevu ndani ya paipu nyembamba. Kiowevu hufika katika silinda ya pili, iliyofungwa kwenye nyumba ya klachi, na kuisukuma pistoni ya huko. Nayo pistoni hiyo husukuma fimbo, fimbo husukuma uma, na uma husukuma beringi inayozikandamiza springi. Kanuni inayotawala kazi hii ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kanieneo, au presha kama gereji isemavyo, likitiwa katika kiowevu kilichofungiwa, huenea pande zote bila kupungua.

Katika kila silinda kiowevu huzuiwa kisivuje na vipande vidogo vya raba vyenye umbo la kikombe. Raba hizi ndizo zinazokufa kwanza. Gari likizeeka, midomo ya raba hulika, kiowevu huvuja, hewa huingia, na siku moja pedali huzama hadi sakafuni bila upinzani. Gia ya nyuma hulia kwa kusagana, kwa sababu pleti haijaachana na flaiwili barabara. Hii ndiyo hali iliyonikuta.

Neno "klachi" na mzigo wake

Istilahi ya kwanza ya kuhakiki ni jina la kifaa lenyewe. Kwamba neno hili limekopwa si kasoro. Limekwisha kuwa letu, na kila dereva analijua. Kasoro ni kwamba tumeliacha libebe mizigo mitatu bila kuligawanya. Dereva husema "kanyaga klachi", akikusudia pedali. Fundi husema "tubadilishe klachi", akikusudia pleti. Msaidizi aliye chini ya gari husema "klachi inavuja", akikusudia silinda. Hatimaye mwenye gari huambiwa "klachi imekufa", na hapo hakuna ajuaye kilichokufa ni kipi.

Jambo hili lina gharama. Kuna magonjwa mawili yaliyo kinyume kabisa. La kwanza ni klachi isiyokata: pedali ni laini au imezama, gia hazikubali kuingia, na mara nyingi kosa limo katika silinda, raba au hewa. La pili ni klachi inayoteleza: gia zinaingia vizuri, injini inapiga kelele, lakini gari haliendi kwa kadiri ya kelele ile, na hapo mara nyingi pleti imelika. Dawa ya kwanza ni pakiti ya raba na asubuhi moja ya kazi. Dawa ya pili ni kuishusha giaboksi. Mtu akiambiwa tu kwamba klachi imekufa, anaweza kushushiwa giaboksi na kuuziwa pleti mpya, ilhali kilichohitajika ni raba inayoenea katika kiganja cha mtoto.

Karatasi zangu zilifungua kwa maneno haya: "Klachi ikiwa mbovu, fungua klachi na badilisha sehemu za klachi." Hakuna kosa la sarufi ndani yake. Lakini hakuna pia msaada wowote. Lugha ya gereji, ambayo mara nyingi tunaiona chafu, imekwisha kutupa vitenzi viwili vilivyo bora kuliko sentensi hiyo: klachi haikati, na klachi inateleza. Istilahi za ufundi si nomino tu. Kitenzi kinachotaja ugonjwa kwa usahihi kina thamani kuliko nomino kumi zinazotaja viungo, na kingestahili kuingizwa katika orodha zetu pamoja nazo.

Silinda "bwana" na silinda "mtumwa"

Mfasiri wetu ameziita silinda mbili "silinda bwana" na "silinda mtumwa". Chanzo cha majina haya kinajulikana: ndivyo Kiingereza kinavyoziita, na mfasiri ameyahamisha kama yalivyo.

Mtetezi wake angeweza kuleta hoja ya sarufi. Angesema kwamba mtumwa, kwa asili ya neno, ni yule aliyetumwa. Na kwa kweli silinda ile ya pili haina amri yake yenyewe, hutumwa na kiowevu kitokacho kwenye ya kwanza. Hoja hiyo ni ya kupendeza, lakini haitoshi. Katika pwani yetu neno hili si sitiari tupu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897. Neno lililokuwa jina la watu walioswagwa kutoka bara kwenda kuuzwa haliwezi kukabidhiwa kipande cha chuma kwa sababu tu lugha nyingine imefanya hivyo. Lugha hiyo ina historia yake na dhamiri yake, nasi tuna yetu.

Lakini hata tukiweka historia kando, majina haya yanashindwa katika swali letu la kwanza. Hayamwonyeshi mtu mahali pa kutazama. Niliposoma "kagua silinda mtumwa kama inavuja", sikujua niinamie pedali au nilale chini ya gari. Wauza vipuri na mafundi wengi walikwisha kulitatua jambo hili bila kikao. Wao husema "ya juu" na "ya chini". Silinda ya juu imefungwa karibu na pedali; silinda ya chini imefungwa kwenye nyumba ya klachi. Majina haya hayamtukani mtu, yanaelekeza jicho, na yanamwezesha mnunuzi kuomba kipuri dukani bila kukosea. Ikisemwa kwamba si ya kisayansi kwa kuwa yanataja mahali na si kazi, nitajibu kwamba binadamu anao mdomo wa juu na mdomo wa chini, na hakuna daktari aliyewahi kuchanganyikiwa. Napendekeza silinda ya juu ya klachi na silinda ya chini ya klachi ziwe ndizo istilahi sanifu, na mjadala huu ufungwe.

Damu, hewa na upepo

Baada ya raba kubadilishwa, hewa iliyoingia katika paipu haina budi kutolewa. Kiowevu hakibinyiki, ila hewa hubinyika. Kwa hiyo hewa ikibaki, mguu hukandamiza hewa badala ya kusukuma pistoni, na pedali huwa kama godoro. Kwa kazi hii karatasi zetu zinaamuru: "Toa damu katika mfumo." Sitapoteza wino mwingi hapa. Hii ndiyo tafsiri ya sisisi iliyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inatoa picha iliyo kinyume na kazi yenyewe. Anayetoa damu anataka damu itoke. Hapa tunataka kitu kingine kitoke, na kiowevu kibaki.

Gereji husema "kutoa upepo". Mhariri mkali atainua kalamu na kuandika "kutoa hewa", kwa hoja kwamba upepo ni hewa iliyo katika mwendo. Kwa maana ya kamusi hoja ni sahihi. Lakini watu wetu hujaza upepo katika tairi na katika mpira wa kuchezea. Kwa matumizi hayo, upepo ni hewa iliyofungiwa ndani ya kitu. Maana hiyo imekwisha kukomaa, na ndiyo hasa inayohitajiwa hapa. Naona maneno yote mawili yakubaliwe, na fundi asisahihishwe pale ambapo hajakosea.

Lakini kazi hii ya kutoa upepo inatufundisha jambo jingine kuhusu istilahi, ambalo halionekani mezani. Ni kazi ya watu wawili wasioonana. Mmoja yumo ndani ya gari, mguu kwenye pedali. Mwingine amelala chini, spana kwenye skrubu ya silinda ya chini. Wa chini huita: "Kanyaga!" Wa juu hukanyaga. "Shika!" Wa chini hufungua skrubu, kiowevu chenye mapovu hutoka, kisha huifunga. "Achia!" Ndipo mguu unapoinuliwa. Mguu ukiinuliwa kabla ya skrubu kufungwa, hewa hufyonzwa tena ndani na kazi yote huanza upya. Hapa maneno matatu mafupi, yanayoweza kupigiwa kelele kupitia sakafu ya gari na kueleweka na mtoto wa shule aliyeitwa kusaidia, yana kazi kubwa kuliko aya nzima.

Nazo karatasi zetu zimeliharibu mojawapo. Zinasema: "Klachi ikiachiwa, pleti hutengana na flaiwili." Mfasiri ametazama neno la Kiingereza la kuachanisha na kutafsiri "kuachia". Lakini kwa kila dereva wa Kiswahili, kuachia klachi ni kuinua mguu, na mguu ukiinuliwa pleti haitengani na flaiwili bali hushikamana nayo. Sentensi hiyo basi inasema kinyume cha ukweli, ingawa kila neno lake limo katika kamusi. Kwa sababu hiyo hiyo naikataa "beringi ya kuachilia", ambayo hufanya kazi wakati klachi imekanyagwa na hupumzika inapoachiwa. Iitwe beringi ya klachi, kama wauzaji waiitavyo.

Mpira upi?

Neno jingine lenye mzigo ni mpira. Katika karatasi hizo "mpira" ni raba ya pistoni, na pia ni paipu laini inayounganisha paipu ya chuma na silinda ya chini. Kwa hiyo agizo la "hakikisha mpira haujapasuka" linaweza kumpeleka mtu kwenye kifaa kimoja na kumfanya asahau kingine. Gereji ina maneno mawili tayari: raba kwa kile cha ndani, na hozi kwa ile ya nje. Yote mawili ni ya kukopa, na mimi ni miongoni mwa wanaopenda neno la asili likipatikana. Lakini neno la asili linalotaja vitu viwili katika kifaa kimoja limeshindwa kazi ya istilahi, na la kukopa linalotaja kimoja limeiweza. Ningeongeza tu kwamba sehemu ile ya raba inayobana ukuta wa silinda iitwe mdomo wa raba, kwa sababu agizo la maana kuliko yote katika kuifunga ni kwamba mdomo lazima uelekee upande wa presha. Ukiupa kisogo, kiowevu kitapita kama hakuna kizuizi.

Mafuta gani?

Sasa nafika penye jeraha. Karatasi zile ziliagiza hivi: "Osha sehemu zote kwa mafuta safi. Zifunge. Jaza mafuta ya haidroliki katika kikopo."

Nilisoma agizo la kwanza nikiwa na chupa ya mafuta ya taa mkononi, kwa sababu ndiyo mafuta safi ambayo nyumba nyingi huoshea vyuma. Nikaosha silinda, pistoni, na raba mpya pia. Agizo la pili nililipeleka dukani. Nikaomba mafuta ya haidroliki, nami nikauziwa sawasawa na nilivyoomba: mafuta ya mitambo ya haidroliki ya matrekta, safi na yenye lakiri. Muuzaji hakunidanganya. Nikajaza, tukatoa upepo, na kwa siku mbili klachi ilikata kama mpya. Siku ya tano pedali ilianza kurudi kwa uvivu, na siku ya sita ikabaki chini. Nilipofungua silinda ya juu, raba zilikuwa zimevimba na kulegea kama maharagwe yaliyolowekwa.

Sababu yake inajulikana sana kwa mafundi wa breki. Kiowevu kinachotumika katika breki na klachi za magari mengi, na hasa magari ya zamani kama langu, kimetengenezwa kwa glaikoli. Raba za vifaa hivyo zimechaguliwa zipatane na glaikoli. Raba hizo hizo zikiguswa na mafuta yatokanayo na petroli ghafi, yawe ya injini, ya haidroliki, ya taa, dizeli au grisi, huvimba na kuoza. Huoshwa kwa kiowevu chenyewe au kwa spiriti, basi. Baada ya kosa kama langu haitoshi kumwaga na kujaza upya: raba zote hutupwa, hozi hubadilishwa, na paipu husafishwa mpaka lisibaki tone.

Kwangu mimi hasara ilikuwa pakiti moja ya raba, hozi moja, na wiki ya kwenda kwa miguu, kwa kuwa katika gari langu kikopo cha klachi ni mbali na cha breki. Lakini yako magari ambamo kikopo kimoja hulisha vyote viwili. Mwenye gari la namna hiyo, akilifuata agizo hili, hatapoteza klachi tu. Atapoteza breki, na huenda akaligundua hilo kwenye mteremko. Ndiyo maana nasema kwamba swali la istilahi hapa si swali la urembo wa lugha.

Kosa liko wapi? Liko katika neno mafuta, ambalo kwa Kiswahili ni ukoo mkubwa usio na mipaka. Mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya injini, ya gari likiwa halina petroli. Mzungumzaji hulitofautisha kwa muktadha. Lakini msomaji wa maelekezo hana muktadha mwingine isipokuwa maelekezo yenyewe.

Tena, tukiihoji lugha yetu wenyewe, kiowevu hiki si mafuta. Mswahili anao mtihani wa zamani wa kuyajua mafuta: hayachanganyiki na maji. Chukua glasi ya maji, tone ndani yake mafuta ya injini, yataelea. Tone kiowevu cha breki cha glaikoli, kitayeyukia humo. Tabia hiyo ya kupenda maji ndiyo inayofanya kizeeke hata gari likiwa limeegeshwa, kwa kuwa hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo. Unyevu huo hutoboa ukuta wa silinda kwa vishimo vya kutu, na vishimo hivyo huzikata raba mpya. Huteremsha pia kiwango cha kuchemka. Kwa mujibu wa viwango vya Marekani, kiowevu cha DOT 3 kikiwa kikavu hakipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na kikiwa na unyevu chini ya nyuzi 140. Cha DOT 4 ni nyuzi 230 na 155.

Basi, je, tuandike "kiowevu cha breki" na kulifuta neno mafuta? Hapa natofautiana na wale wanaodhani kwamba neno sahihi kisayansi daima ndilo istilahi bora. Kiowevu ni neno zuri, limezoeleka katika vitabu vya sayansi vya shule, na nimelitumia katika makala haya kwa makusudi. Lakini nenda dukani ukaombe kiowevu cha breki. Muuzaji atakuuliza unataka nini. Ukisema "mafuta ya breki", atanyoosha mkono na kukupa kopo lililo sahihi. Mafuta ya breki ni jina lililokwisha kukamilika, na ndani yake neno mafuta limepoteza uhuru wake, kama vile mwana katika mwanasheria asivyokuwa mtoto wa mtu. Hatari haimo katika jina hilo. Hatari imo katika kulikata na kubakiza "mafuta" peke yake, au katika kubuni ndugu yake asiyekuwapo, "mafuta ya klachi", au katika kumwita kwa jina la mtu mwingine, "mafuta ya haidroliki". Hayo ya mwisho yapo kweli, yanauzwa, na ni kitu kingine.

Yapo pia magari yaliyotengenezwa yatumie mafuta ya kweli, mathalani baadhi ya Citroën za tangu miaka ya 1960, ambazo mifumo yao ya haidroliki hutaka mafuta ya madini ya rangi ya kijani. Katika gari la namna hiyo mafuta ya breki ya kawaida ndiyo sumu. Hiyo ni hoja nyingine ya kutaka jina kamili liandikwe kila mara, pamoja na alama iliyo kwenye kopo na kwenye kifuniko cha kikopo cha gari.

Mapendekezo

Kutokana na hayo napendekeza yafuatayo yafikiriwe na wahusika:

1. Klachi libaki jina la kifaa kizima. Viungo vyake vitajwe kwa majina kamili: pedali ya klachi, pleti ya klachi, beringi ya klachi.
2. Vitenzi kukata na kuteleza viingizwe katika orodha za istilahi za magari kwa maana zilizoelezwa hapa. Kuachia klachi kuwe na maana moja tu, yaani kuinua mguu.
3. Silinda ya juu na silinda ya chini zichukue nafasi ya bwana na mtumwa.
4. Kutoa upepo na kutoa hewa yote yakubaliwe. Kutoa damu kukataliwe.
5. Raba na hozi yatenganishwe, na mpira usitumiwe katika maelekezo ya kifaa hiki.
6. Mafuta ya breki liandikwe kamili kila linapotokea, hata kama ni mara kumi katika ukurasa mmoja, likifuatwa na alama ya kiwango. Neno mafuta lisisimame peke yake katika maelekezo yoyote ya breki au klachi.

Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, na vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, kazi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kutaja kila kitu. Hilo limekwisha kuonyeshwa. Kazi iliyobaki ni ngumu kuliko ile, nayo ni kuhakikisha kwamba anayetenda kwa kufuata Kiswahili hapati hasara kuliko anayetenda kwa kufuata lugha nyingine. Mwenye gari akishaumizwa mara moja na maelekezo ya lugha yake, safari ya pili atatafuta ya Kiingereza hata kama hakijui vizuri, nasi hatutakuwa na la kumlaumu.

Ningependa kila orodha ya istilahi za ufundi, kabla haijapigwa muhuri, ipelekwe kwa mtu asiyeijua kazi hiyo, apewe spana, aambiwe asome na atende, nasi tukae kando tukitazama. Anaposita, hapo neno limeshindwa. Na anaponyoosha mkono kuchukua chupa isiyo yake, mkutano ukatizwe hapo hapo, tumshike mkono.